Picha Hazina Sauti

Mimi ni kipofu, na nina kiburi. Mke wangu anasema hilo la pili ndilo linalomchosha zaidi. Kazi yangu hapa Kolwezi ni kurekodi kwaya za parokia na kuzisafisha kwenye kompyuta, nikiongozwa na programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Kompyuta ilipozeeka, ikawa inakwama katikati ya aleluya, niliamua kuitoa Windows na kuweka mfumo mwingine, Linux. Tena niiweke mwenyewe, bila kuazima macho ya mtu.

Nilingoja Jumamosi asubuhi, umeme ukiwa umetulia. Unawasha, unasikia mlio mfupi, unabonyeza S, halafu kibonye cha Entrée, na mashine inaanza kukuuliza maswali kwa Kifaransa kikavu kama cha karani aliyelala njaa. Nilicheka peke yangu. Tangu utotoni watu wengine ndio wamekuwa wakinisomea na kunijibia, na sasa naulizwa mimi!

Mke wangu akasimama mlangoni, ananukia unga wa muhogo.

"Tata, ulishaka kutia bitu yote mu clé USB?"

"Yote, mama. Acha nisikie."

"Na bafoto?"

"Nilishasema yote! Nyamaza kwanza, mashine inasema."

Sauti ikaniuliza kama kweli nataka diski nzima ifutwe. Nikajibu ndiyo, kwa mbwembwe, nikigonga kibonye kwa nguvu ili asikie.

Sikukusudia kumdanganya. Siku iliyotangulia nilikuwa nimepita folda baada ya folda, nikihamishia kwenye clé kila kilichonisemesha: kwaya, barua, mahubiri ya padri. Nilipofika kwenye folda ya mke wangu, sauti ilisoma herufi na tarakimu, herufi na tarakimu, mstari baada ya mstari. Nikadhani ni takataka za mashine, nikaruka. Kumbe zilikuwa picha za marehemu mama yake, kwenye nyumba yao ya mtaa wa Kasulo, kabla watu hawajachimba kobalti chini ya sakafu mpaka kuta zikalala. Simu iliyozipiga iliibiwa sokoni. Nakala nyingine hakuna.

Kesho yake, baada ya misa, alitaka kuziangalia. Nilitafuta hadi vidole vikaniuma, kisha nikamwambia ukweli. Afadhali angefoka. Alivuta kiti, akakaa karibu yangu, na nikaona aibu hata ya kupumua. Kwaya zangu zote zilikuwa salama, hata zile mbovu.

"Mi nilikuelezaka zile foto, moja moja," akasema. "Sema weye sasa, nisikie. Mama alivaa nini?"

Ni kweli alinieleza. Siku alipoziweka kwenye kompyuta alikaa nami alasiri nzima, akitaja kila kilichomo. Lakini nilikuwa nimeziba sikio moja kwa kisikilizi, nafuatilia waimbaji wa besi walioteleza nje ya noti, nikiitikia "eeh, eeh" kumridhisha. Nilikumbuka mlango wa bati. Nilikumbuka kuku. Nguo sikuikumbuka kabisa, na nilijua anangoja.

"Bluu," nikabahatisha.

Nikasikia kiti chake kikirudi nyuma.

"Alikuwa mu deuil, analilia papa yangu aliyekufa," akasema. "Nyeusi, tata. Nyeusi."