Suruali Niliyomwachia Irungu

Nilipokuwa mtoto, hakuna aliyenizidi kwa lolote isipokuwa umri, na hilo nalo niliona ni upendeleo tu. Pale kijijini kwetu Muleba, kupanda miti nilikuwa wa kwanza, kuogelea wa kwanza, na sahani ya ndizi na maharage ikiwekwa chini, mimi ndiye wa kwanza na wa mwisho. Shule niliiacha baadaye, kidato cha pili, kabla haijaniacha yenyewe. Sasa mtu wa namna hii ukimwambia mlima una mwenyewe, unategemea akuelewe?

Aliyeniambia ni bibi yangu. Bibi alikuwa Mkatoliki wa rozari shingoni, misa hakosi, ila ule mlima wa nyuma ya migomba yetu alisema ni wa Irungu, mwenye mapori yote, na alimheshimu kama unavyomheshimu jirani mkorofi. Anayeupanda kwa mara ya kwanza humwachia kileleni kahawa ya kutafuna, hiyohiyo tunayomkaribishia mgeni nyumbani. Na akiwa huko juu, asijisifu.

"Mume wangu," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita siku zote, "anayejisifu kwa Irungu hushuka kama mama yake alivyomzaa."

Nilicheka. Nilikuwa nimevaa jinzi ya mtumba iliyofika kijijini wiki ileile, na kwa jinsi ilivyonikaa, niliona hata Irungu angeniomba nimwachie yeye.

Nilikuwa naenda na Abdu, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, mtoto wa fundi cherehani wa Bukoba mjini. Tulijuana nilipokuwa nakaa kwa shangazi huko, na likizo ile alikuja kwetu kwa sababu nilimwambia mlima huo nimeupanda mpaka umenichoka. Ukweli ni kwamba sikuwa nimefika hata zinapoanzia nyasi. Lakini sikuuona kama uongo. Niliuona kama habari iliyotangulia tukio lake.

Bibi alinikabidhi kahawa akiwa ameifunga kwenye kipande cha jani la mgomba. Abdu alikuja na bukta yake ya mpira na maswali.

"Bado mbali?"

"Palee."

"Palee ulisema tangu kwenye migomba."

"Ni palee ileile. Tembea wewe, mtoto wa lami!"

Njaa ilinibana katikati ya mwinuko. Nikafungua lile jani, nikaanza kutafuna. Abdu akasimama.

"Mugisha! Hiyo si ya mwenye mlima?"

"Kahawa anapewa nani?"

"Mgeni."

"Hapa mgeni ni nani? Mimi au yeye?"

Abdu aliitazama kahawa mkononi mwangu. Hadi leo sijaona mtu aliyelijibu swali lile. Nilimpa punje, akakataa. Akasema yeye vya watu wasioonekana hali. Nikamaliza zote.

Kufika juu, niseme kweli, palinizidi. Ziwa lilikuwa limelala chini yetu, visiwa vimetawanyika kama migongo ya mamba, na upande huo mlima ulikuwa umekatika ghafla, genge tupu mpaka majini. Mbuzi wa jirani yetu alidondoka hapo, hakuna aliyemfuata. Nilichungulia kidogo. Kisha nikapanda juu ya jiwe, nikapanua mikono.

"Irungu! Mwenye mlima amefika! Toka nikupangishe chumba!"

Abdu aliniambia nishuke. Nilishuka, lakini ukungu nao ulikuwa unapanda kutoka ziwani, mweupe, mzito, wa haraka kama moshi wa kuni mbichi. Kabla sijamaliza kucheka, nilikuwa sioni miguu yangu. Jiwe lilipotea. Njia ilipotea. Na genge lile, ambalo sasa hivi tu lilikuwa kushoto, likawa linaweza kuwa popote.

"Twende nyumbani," Abdu alisema. "Njia ipi?"

Nikageuka kushoto, kisha kulia.

"Si umepanda mara nyingi?"

"Kupanda nilipanda. Kushuka sikukutilia maanani."

Alinishika mkono. Mmoja wetu alikuwa anamng'ang'ania mwenzake. Mikono ikishikana hivyo huwezi kujua ni yupi, kwa hiyo naamini alikuwa yeye. Tulipiga hatua, tukasimama. Nyasi zilikuwa zinanifika magotini, laini, zimelowa. Tukageukia upande mwingine, na Abdu akaruka.

"Mama wee! Nyasi zenu zinachoma kama sindano za baba!"

Nikainama, nikapapasa. Visiki. Nyasi zilikuwa zimekatwa kwa mundu. Hapo ndipo akili yangu, ambayo shule haikuwahi kuitambua, iliponijia yote kwa mpigo. Wanawake wa kwetu hukata nyasi za mlimani wakatandike sakafuni, hasa sikukuu ikikaribia. Na hakuna mwanamke, hata awe na haraka kiasi gani, anayekwenda kukata nyasi ukingoni mwa genge.

"Abdu, panapochoma ndipo nyumbani. Panapobembeleza, tumekwisha."

Tukawa tunafuata maumivu. Mteremko ukazidi, tope likateleza, kusimama kukashindikana. Tukakaa. Lakini Abdu na ile bukta asingefika na mapaja, nami nilikuwa na jinzi. Nikamwambia apande mapajani kwangu, ashike magoti. Nikaachia.

Tuliteremka! Visiki vilikuwa vinaimba chini yangu, kitambaa kinajibu, Abdu anataja majina yote ya Mungu anayoyajua. Tulitoka kwenye ukungu ghafla, tukasimama katikati ya wanawake na matita yao ya nyasi. Bibi alikuwa miongoni mwao. Abdu alinyanyuka mzima. Mimi niliponyanyuka, kiuno cha jinzi na mbele vilikuwepo. Nyuma palikuwa na upepo.

Wanawake waliachia matita. Mmoja alikaa chini kabisa kwa kicheko. Bibi hakucheka. Alikuwa ameshaanza kufungua kanga ya juu aliyojifunga, polepole, kama mtu aliyeivaa kwa kazi hiyo.

"Karibu, mume wangu," alisema. "Siku uliyozaliwa nilikupokea hivihivi."

Bibi tulishamzika. Mimi ni dereva wa bodaboda, na msiulize nani mwenye mbio barabara ya Muleba hadi Bukoba. Abiria wangu wa kwanza anajua. Anashona mjini, kwenye cherehani ya baba yake. Kila suruali anayonishonea huiwekea kitambaa maradufu makalioni. Sikumwagiza, wala yeye hajawahi kusema kwa nini.

Kama ni Irungu au ni visiki, sibishani. Ninachojua, aliyenivua nguo ndiye aliyetuonyesha njia. Abiria nikimpakia namsimulia sifa zangu tangu stendi, lakini tukifika ile kona ya chini ya mlima, nanyamaza mpaka tuipite. Wengi hudhani pale barabara ni mbaya.