Shimo la Sigara Kwenye Gitaa la Baba

Gitaa la baba lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyolala. Mwenyewe alisema zamani lilikuwa jeupe kama shati la komunio ya kwanza, lakini mimi sikuliwahi likiwa jeupe. Nililikuta hivyo: njano ya meno ya mvutaji, nyufa nyembamba kama za matope yaliyokaukia juani, na pale juu ambapo mkono wake wa kulia ulikuwa unalalia rangi ilishakwisha kabisa, mbao iko wazi, laini kama mpini wa jembe lililolima miaka. Kwenye kichwa, kule nyuzi zinakofungiwa, kulikuwa na shimo dogo jeusi. Hapo ndipo alipokuwa anachomeka sigara akipiga. Wimbo ukikolea anaisahau, na sigara nayo haimsubiri mtu, inaungua mpaka inaingia kwenye mbao.

Habari yenyewe ni ya hilo shimo.

Gitaa alilipata Ikola, ziwani, ujanani. Bibi alimtuma dagaa. Huko akakutana na mpiga muziki aliyeshuka kwenye boti kutoka Kongo, ana gitaa la umeme ndani ya gunia na ana njaa. Baba akarudi nyumbani bila dagaa. Bibi alikuwa anaisimulia hiyo kila Krismasi, mbele ya wageni, makusudi amwaibishe. "Nilimtuma mboga, akaniletea ubao." Watu wanacheka, na baba anacheka kuwashinda wote.

Maandishi ya kichwani yalikuwa yamefutika nusu, kwa hiyo watu wa Mpanda walibishana miaka. Huyu anasema la Marekani kabisa, yule anasema la Kijapani, la kuiga. Baba alikuwa na jibu moja tu. "Likilia unaliuliza pasipoti?" Kitufe cha sauti kilimpotea harusini Mishamo, akaweka cha redio iliyokufa. Uzi mwembamba ukikatika na dukani hakuna, alifumua waya wa breki ya baiskeli. Alipiga solo kwenye bendi ya dansi hapa mjini mpaka maharusi walipoanza kutaka DJ na flashi. Bendi ikafa, akarudi Magamba kulima mahindi. Jioni analiunganisha na spika ndogo ya betri, anapiga peke yake barazani, kuku wanampita miguuni.

Kifua kilipombana nilikuwa na mimba. Baba wa mtoto wangu yuko machimboni, na abaki huko huko, humu hatumhitaji. Nikajifungua, nikaendelea kumuuguza baba huku mtoto yuko mgongoni. Kazi yangu ilikuwa kumkalisha, maana akilala hewa haiingii. Kifua kilikuwa kinalia kama mlango. Aliomba gitaa nimlazie pembeni kitandani, nikamlazia. Halafu akaomba sigara.

"Baba, si ndiyo imekufikisha hapa?"

"Kwani nimekuuliza njia? Nimekuomba sigara."

Nilikataa. Akanuna kama mtoto, akageukia ukutani, mkono uko juu ya nyuzi. Hakupiga. Aliziegemea tu zisilie.

Akafa wakati wa kupalilia.

Siku ya kuanua tanga ukoo ulikaa, ukagawa. Kwetu vitu vya kiume vinaenda kwa mtoto wa kiume. Kaka akapewa baiskeli, akapewa panga na shoka, akapewa na gitaa, vimepangwa kwenye mkeka mmoja kama ndugu. Kaka hajui hata kulishika. Mimi baba alinifundisha nikiwa sijaanza shule, nakaa mapajani mwake, vidole vyangu chini ya vyake. Nikasema hivyo, mbele ya watu. Shangazi, dada yake baba, akanijibu kwa upole, na upole wenyewe ndio unaoudhi.

"Mwanangu, wewe kesho utaolewa. Utalipeleka kwa nani? Litaingia ukoo wa watu."

Mimi nikapewa blanketi. Lile lile alilofia.

Sikulia. Watu walisema ana moyo mgumu huyu. Wala haukuwa ugumu. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unaugusa, unajua ni wako, ila haukujibu.

Kaka ana kibanda cha vifaa vya simu mjini. Akalipiga picha gitaa, akaitupa mtandaoni. Haukupita muda, mtu wa Dar akapiga. Kaka akampa namba yangu, eti mimi nimefika Form Four naongea vizuri, na yeye wateja wamemzonga. Kwenye kugawa mimi ni mtu wa ukoo mwingine, kwenye kuongea na mnunuzi ndipo nikawa mdogo wake. Sawa. Nikapokea, nikijua wazi nauza kitu ninachokitaka mwenyewe.

Yule mtu hakuwa mbaya. Hilo nalisema wazi kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi angekuwa mbaya. Alikuwa na sauti ya kijana, anapenda kitu chake. Alisema ana studio, anakusanya magitaa ya umeme ya zamani, na picha ya la baba imemnyima usingizi. Nikamuuliza kwa nini asinunue jipya, Dar si yamejaa.

"Dada, mapya yanalia kama sahani," akasema. "Ya zamani mbao imekauka, sumaku zimechoka, sauti inatoka na utu uzima. Halafu kila alama ina mtu wake. Hapo juu pamelika, huo ni mkono, siyo?"

"Mkono wa baba."

"Ona sasa. Na hilo shimo jeusi kichwani?"

"Sigara."

Nikamsikia anavuta pumzi kwa raha. Kwa raha, jamani. "Hiyo ndiyo naitaka. Siku hizi viwanda vinatoa magitaa mapya yaliyochakazwa kwa makusudi, wanayakwangua, wengine wanayachoma na sigara ili yaonekane yameishi. La mzee ni la ukweli. Hiyo alama huwezi kuighushi."

"Imemuua," nikasema.

Nikasikia magari ya huko kwake.

"Pole sana, dada," akasema. "Pole." Halafu, taratibu, kama mtu anayepita pembeni ya jeneza kuchukua kofia yake: "Ila naomba sana msilisafishe. Msiliguse kabisa. Hata vumbi liacheni."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na matusi ya kutosha na ya akiba. Badala yake nikasema sawa, nikakata simu, nikambadilisha mtoto nepi. Nilikuwa nawaza jambo moja: kuna watu mahali wanalipwa kuchoma magitaa na sigara, wanarudi nyumbani na vifua vizima.

Nikampigia kaka. "Amesema lisiguswe. Lisifutwe hata vumbi. Anataka hivyo hivyo lilivyo."

Kaka akacheka. "Nani ananunua uchafu? Anakupima huyo, mdogo wangu. Akilikuta chafu atashusha bei. Wewe umesoma, biashara hujui."

Sasa mtu wa nje ataona kaka ni mjinga. Si mjinga, ni mtu wa huku tu. Huku kitu hakiendi kuuzwa bila kuoshwa. Mchele unapepetwa mpaka unang'aa. Pikipiki inapigwa brashi na mafuta mpaka ndani ya tairi. Hata mbuzi wa mnada anafutwa matope miguuni. Kupeleka kitu kichafu kwa mnunuzi ni kumtukana. Kaka alimheshimu mgeni wake. Akalichukua gitaa la baba, akalipeleka kwa fundi wa kupulizia rangi matangi ya bodaboda.

Nililiona siku mnunuzi alipokuja. Nilitoka Magamba na mtoto mgongoni, nikafika kibandani kwa kaka, na gitaa limelazwa juu ya kanga mpya ya mke wake. Jekundu. Jekundu la tangi la pikipiki, lenye vimeremeta ndani. Pale mkono wa baba ulipokuwa umekula mbao pamejazwa, pamesuguliwa msasa, pamepakwa. Kichwani shimo hakuna. Panateleza kama kipara. Hata kitufe cha redio kaka alishakitupa, kaweka kingine kinachong'aa.

"Umeona?" kaka akaniambia, uso wote furaha. "Umeona baba yako anavyometameta?"

Nikakaa kwenye kreti la soda.

Mnunuzi akafika, kijana mwembamba, ana mkoba na bisibisi zake ndogo. Alisalimia vizuri, akaniita dada, akampigia mtoto makofi. Akageuka kuliona gitaa. Kwanza alidhani ni lingine.

"La mzee liko wapi?"

"Si hilo hapo," kaka akasema. "Tumelifufua."

Kijana akaliinua. Akageuza, akapitisha kidole kichwani, kidole kikateleza. Akafungua kibati cha nyuma kwa bisibisi, akachungulia ndani, akafunga tena. Nilimwangalia usoni. Ndiye mtu pekee aliyekuwa na sura niliyotakiwa kuwa nayo mimi.

"Mmeliua," akasema.

"Limekufaje?" Kaka akapandisha sauti. "Bosi, hii rangi ni ya gari, haitoki hata kwa mvua! Piga hapo, piga usikie!"

"Siyo kusikia, kaka yangu. Sauti ipo. Lakini nikimwonyesha mtu hili, ataamini vipi? Litafanana na lolote la dukani."

"Si uliliona kwenye picha?"

"Niliyoyaona kwenye picha hayapo."

Wakabishana. Kaka akapanda, akashuka, akaapa kwa kaburi la baba, jambo lililonifanya nimwangalie. Mwisho yule kijana akafunga mkoba. Akaja kwangu, akainama kidogo. "Dada, si nilikuambia?"

"Na mimi nilimwambia."

"Sasa?"

"Sasa nini? Wewe ulikuwa unataka shimo la sigara ya baba yangu uwaonyeshe watu. Huyu hakutaka lionekane kabisa. Mimi hakuna aliyeniuliza nataka nini. Safari njema."

Nilisema bila kupaza sauti. Akaondoka ameinamisha kichwa, na nadhani alikuwa na huzuni ya kweli, kuliko yangu, na hilo nalo liliniudhi.

Kaka akalisukuma gitaa upande wangu kwa mguu. Kwa mguu. "Chukua basi. Si ulikuwa unalitaka? Chukua na kanga yake."

Hivyo ndivyo nilivyorithi.

Nikalipitisha kwanza kwa yule fundi wa matangi. Alikuwa anamalizia bodaboda moja, akatabasamu alipoiona kazi yake. Nikamuuliza kama anaweza kuitoa.

"Niitoe? Wewe mama, mbona watu wa ajabu nyie? Juzi nipake, leo nitoe." Akaligonga kwa kucha. "Haitoki. Nililipiga msasa kwanza ili ishike. Nikikwangua yangu, naondoka na kilichobaki cha zamani. Zimeshikana hizo."

"Na kichwani? Palikuwa na shimo."

"Pale niliziba na bodifila, huu udongo wa kuzibia mabodi. Ila pale sikupaamini. Mlikuwa na mkaa ndani. Kwenye mkaa bodifila haishiki vizuri, siku yoyote inabanduka. Ikibanduka ulete, nazibia bure."

Nikamshukuru. Nikapanda bodaboda kurudi Magamba, mtoto mbele kifuani, gitaa mgongoni anapokaa mtoto siku zote.

Asubuhi yake niliketi barazani pale alipokuwa anakaa baba. Nikachukua sindano ile nene ya kushonea magunia, nikapapasa kichwani mpaka nikasikia pamelegea. Nikachokoa. Rangi ikapasuka mviringo, bodifila ikatoka nzima, kipande kimoja, kama jino la utoto. Chini yake palikuwa peusi. Pako vile vile. Nikaingiza ncha ya kidole, ikatoka na masizi.

Nikanusa. Nilitegemea tumbaku. Ilikuwa thina tu, harufu ya gereji.

Shangazi akapita akienda kanisani, na kikapu cha kisamvu, maana yeye tangu msiba haniachi siku mbili bila mboga. Akasimama. "Mbona unalitoboa? Lilikuwa limependeza."

"Silitoboi, shangazi. Lilikuwa na shimo hapa. Walilificha."

Akaweka kikapu chini, akainama karibu maana macho yake yamepungua. Akaangalia, akaangalia. Halafu akaingiza kidole chake kidogo humo ndani, akakizungusha.

"Sigara hii!" akasema. "Sigara hii ilinitoboa kanga yangu mpya, haijaingia hata maji! Nilikwenda kumtunza pale jukwaani, nacheza, mjinga anageuza gitaa hivi, moto kwenye nguo yangu. Watu wanadhani napandisha mashetani, kumbe naungua." Akacheka, meno yote nje. "Akaniambia, dada, ukija kwenye muziki uje na maji."

Kicheko chake kikakatika katikati, kikageuka kitu kingine, na akakaa chini kwenye vumbi na nguo yake ya kanisani, kidole bado kiko kwenye lile shimo.

Alilia sana. Mimi nilimhamisha mtoto bega la pili, nikamshikia shangazi gitaa lisianguke.