Kichujio Nilichomchagulia Profesa

Nilimsikia mke wangu kwa masikio yangu mawili, mchana kweupe, akimwambia mwanaume mwingine kwenye simu: "Asijue kabisa. Akijua itamuuma sana."

Nilikuwa nimerudi nyumbani kuchukua spana niliyoisahau. Yeye alikuwa bafuni, mlango ameuegesha, anaongea kwa ile sauti ya chini ambayo sijaisikia tangu tunachumbiana.

Nikaganda kwenye korido.

"Safari hii sitaki yale ya mwaka jana yajirudie," akaendelea. Halafu akacheka. "Haya, asante Profesa."

Profesa!

Ngoja niwaeleze huyu mtu ni nani, msije mkasema nina gubu. Mke wangu ni katibu muhtasi kwenye shule moja. Profesa ni jina la utani tu, ni mwalimu wa hesabu hapo hapo, kijana mtanashati, mashati yamepigwa pasi, hana mke. Kila mwaka wafanyakazi wa shule wanaenda kupiga kambi porini siku tatu, na wenza wao wanakaribishwa.

Mwaka jana nilienda. Sasa ni nini hicho "cha mwaka jana" kilichotokea nikiwepo, nisikione?

Nilichukua spana yangu nikatoka kimya kimya. Siku hiyo nilifunga bomba moja kinyumenyume.

Jioni mke wangu akaenda kuanua nguo, simu akaiacha mezani. Najua si vizuri. Nikaishika.

Ujumbe wa Profesa: "Nimepata vichujio viwili vya maji ya kambini, sijui tuchukue kipi."

Wa mke wangu: "Kesho utajua. Fanya kama tulivyopanga."

Tuchukue! Tulivyopanga!

Jamani, mimi ni fundi bomba. Miaka kumi na minne nahangaika na maji ya watu. Halafu mke wangu mwenyewe akitaka kichujio cha maji ya kunywa porini anamuuliza mwalimu wa hesabu? Sijui kipi kiliniuma zaidi, kuibiwa mke au kuibiwa kazi.

Alivyoingia na nguo zake mkononi akaniuliza, "Baba watoto, mbona umenuna?"

"Nimechoka tu."

Kesho yake niko kwenye jengo moja, nimelala chini ya sinki la watu, naona viatu vinasimama pembeni yangu. Viatu vinang'aa.

"Shikamoo fundi."

Nikatoka uvunguni. Profesa huyo, na mfuko mkononi.

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Hapana kaka, nimekuja kwako makusudi. Nataka kichujio cha kubeba kambini. Dukani wamenipa viwili nijaribu, kimoja nitarudisha. Mimi maji siyajui. Nichukue kipi?"

Damu ilinichemka. Yaani mtu anakuja kuchota ujuzi wangu ili akamringishie mke wangu? Tena kwa adabu zote!

Nikavishika. Nilivielewa mara moja.

Cha kwanza kilikuwa kidogo, ndani kina nyuzi nyembamba zenye vitundu ambavyo hata vijidudu havipiti. Maji yanatoka taratibu mpaka ukamue mfuko wake. Hicho ndicho chenyewe.

Cha pili kilikuwa kikubwa, kina wavu na makaa. Kinatoa tope na harufu, maji yanakuja kwa kasi, yanameta. Lakini vijidudu vinapita humo kama vimealikwa.

Profesa ananiangalia, anasubiri.

Nikawaza: tumbo likimwendesha mbio vichakani siku tatu, tuone huo utanashati utabaki wapi.

"Chukua hiki kikubwa," nikasema. "Hicho kidogo kitakuchosha bure."

"Una uhakika fundi?"

"Unaniuliza mimi au unanifundisha?"

Akacheka, akanishukuru, akanipa na mkono. Nikarudi chini ya sinki nikiwa napiga mluzi. Ndiyo, nasema ukweli, nilipiga mluzi.

Siku ya kambi ikafika. Tumetembea mpaka miguu inawaka, tumesimamisha mahema, kila mtu ana kiu. Profesa akashuka mtoni na ndoo. Ukingoni kote kumejaa alama za kwato za ng'ombe, nilikuwa nimeziona mapema na nikanyamaza. Yangu nilikuwa nimechemsha nyumbani, nimeficha chupa mbili kwenye begi, moja yangu, moja ya mke wangu.

Kichujio kikafanya kazi yake. Maji yakatoka mbio, meupe, watu wakapiga makofi.

Profesa akajaza kikombe cha kwanza. Akampelekea mke wangu.

"Shemeji, anza wewe. Kichujio ni chako."

Chako?

Mke wangu akakipokea, akanigeukia huku anatabasamu. "Kama fundi mwenyewe ndiye kachagua, mimi nakunywa nimefumba macho."

Akainua kikombe.

"Usinywe!"

Sijui nilifikaje pale. Nilikipiga kile kikombe mpaka maji yakamrukia Profesa kwenye shati.

Kambi nzima ikatugeukia.

"Hakichuji vijidudu," nikasema. "Nilijua. Nilimwambia achukue hiki makusudi. Nilitaka aumwe yeye."

Profesa akafuta uso. "Lakini kaka, mkeo ndiye aliyenituma kwako."

Nikamwangalia mke wangu. Lile tabasamu lilikuwa limeshaondoka.

"Mwaka jana nani alikuwa bwana maji hapa?" akaniuliza.

Mimi. Mimi ndiye niliyesema maji yanayopita kwenye mawe hayana shida, mwaminini fundi. Yeye peke yake ndiye aliyeniamini, wengine walikunywa ya chupa.

"Tuliporudi nililazwa siku tatu na dripu mkononi. Nikakwambia ni chakula cha kantini ya shule. Daktari alisema ni maji. Maji yako."

Nikakumbuka nilivyoenda kumfokea yule mama wa kantini mbele ya wateja wake.

"Nilijua nikikwambia utajiona si fundi tena," akasema. "Ndiyo nikatoa hela yangu ya kichujio, nikamtuma Profesa aje akuulize wewe. Uchague wewe. Watu wote waone ni wewe. Nilikuwa natunza jina lako."

Nikaenda kukusanya kuni. Siku zile tatu niliwachemshia watu wote maji, macho yamejaa moshi, na hakuna aliyejua kama ni moshi tu.

Profesa alinisamehe siku ile ile. Mama wa kantini nilimfuata wiki iliyofuata, alinitukana kwanza ndiyo akanisamehe.

Ndugu yangu unayesoma hapa, ukisikia nusu ya maneno nyuma ya mlango, gonga, ingia, uliza. Mimi sikugonga, nikakaribia kumpa mke wangu ugonjwa ule ule kwa mara ya pili.

Bado tuko pamoja. Ila mpaka leo nikimletea maji mezani, anakishika kikombe, ananiangalia, halafu ananirudishia.

"Kunywa wewe kwanza."

Nakunywa.