Wifi Yangu, Majeruhi wa Mazoezi

Wifi yangu alikuwa akifa mara mbili kwa mwaka, na kila akifa alirudi nyumbani na soda. Hivyo ndivyo kaka yangu alivyopenda kumtambulisha kwa wageni, ameegemea mto wake, nusu ya mdomo ikicheka na nusu imelala. Kiharusi kilimpitia upande mzima wa kushoto akiwa bado fundi cherehani anayegombewa na maharusi. "Mnamwona huyu?" angesema. "Huyu ni marehemu mzoefu." Wifi angemrushia kitambaa cha vyombo na kumwambia afunge bakuli lake.

Kazi yake hasa ilikuwa kupika chai katika Kituo cha Uratibu wa Maafa, jengo jeupe lililoko kilimani, ambako mashirika ya misaada kutoka nje yalikutana na wakubwa wetu kila wiki. Shirika la boti lilikaa upande huu, la mahema upande ule, la mablanketi karibu na dirisha, na kila moja lilivaa vizibao vya rangi yake ili sifa zisije zikaenda kwa jirani. Mimi nilifika huko siku moja kumpelekea wifi funguo alizosahau, nikawakuta wanabishana nembo ya nani itangulie kwenye mahema. Mahema yenyewe yalikuwa bado hayajanunuliwa. Tangu siku ile sikuwa na imani nao, na sijuti.

Mji wetu una mto, na kila mtu alijua mto ule una siku yake. Kwa hiyo kituo kilifanya mazoezi ya uokoaji mara mbili kwa mwaka. Zoezi la kwanza walimpa karani wa ofisi apige simu ya dharura, ajifanye kakumbwa na mafuriko. Yule dada akasema, "Halo, naomba msaada, kuna maji," utadhani anaagiza kiti. Mratibu mkuu, bwana mmoja mrefu wa kutoka nje, mpole sana, alishika kichwa. Akauliza kupitia kwa mkalimani: hivi hapa hakuna mtu anayejua kupiga kelele? Jikoni wifi akaangua kicheko. Wakamwita.

Walimwambia abuni mkasa wake mwenyewe, ila asikose kumtia mtu asiyejiweza, maana wafadhili huwajali sana watu wasiojiweza. Wifi hakuwa na haja ya kubuni. Alichukua simu yake, akapiga. "Jamani, maji yameingia ndani! Mume wangu hawezi kutembea, amepooza, niko naye peke yangu! Njooni, nawaomba!" Akalia machozi yenyewe. Ving'ora vikalia, boti zikashushwa, wakambeba kwa machela huku wageni wakipiga picha, mwisho wakampa soda. Mratibu alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Kuanzia hapo hakuna zoezi lililofanyika bila kilio chake, na maneno yakawa yale yale, kwa sababu wageni waliyapenda. Mtaani wakamwita Majeruhi.

Kaka alipopata habari alifurahi kama kapandishwa cheo. "Kwa hiyo kupooza kwangu kunakwenda kazini na mimi nimelala?"

"Na kunafanya kazi kuliko ulipokuwa mzima," wifi akamjibu.

Mimi sikucheka. Nyumba yao ilikuwa bondeni, hatua chache kutoka mtoni, na mimi nilikuwa na chumba kitupu kule juu. Nilimbembeleza wifi wahamie kwangu kabla ya msimu wa mvua. Nikamwambia pia kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha.

"Wifi, acha uchuro," alisema. "Mimi nahama niende wapi? Siku yakija ya kweli, mji huu wote hakuna mtu wanayemjua kama mimi. Boti ya kwanza ni yangu."

Aliamini hivyo kabisa. Na kaka alimwamini mkewe.

Mafuriko yalikuja mchana kweupe, Jumanne, na kwetu hata tone la mvua halikuanguka. Ilinyesha huko juu, mto ukashuka nayo. Kwenye ubao wa kituo zoezi la msimu lilikuwa limeandikwa Alhamisi ya wiki ile ile. Majirani waliosikia mngurumo walikimbia, na siwalaumu, mwenye miguu hukimbia. Wifi alikuwa nyumbani siku hiyo. Alimburura kaka kutoka kitandani, akampandisha juu ya meza yake ya zamani ya kukatia vitambaa. Zaidi ya hapo nguvu zake hazikufika. Akapiga simu.

"Jamani, maji yameingia ndani! Mume wangu hawezi kutembea, niko naye peke yangu!"

Mpokea simu akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alikuwa mtu wa utani, na alimpenda wifi kwa sababu ya chai yake. "Mama Majeruhi! Leo Jumanne, mama. Zoezi ni keshokutwa."

"Si zoezi! Maji yamenifika kiunoni!"

"Ee, mwaka huu umepania! Hapo pa kiuno pazuri, usipaache."

Akakata. Wifi akapiga tena. Safari hii mpokea simu aliweka sauti kubwa ili wenzake nao wafaidi, na wifi alisikia mtu akimpigia makofi. Alipopiga mara ya tatu, yule bwana alikuwa ameshachoka na utani. "Sasa mama, unaziba laini. Kuna watu wenye shida wanaweza kupiga."

Ndipo aliponipigia mimi. Niliacha duka langu wazi nikakimbia hadi kituoni, nikaingia nikipiga kelele. Nilikuta simu nyingine zimeanza kuingia, za watu wasio na jina la utani, na hizo ziliaminiwa palepale. Mpokea simu aliponiona, uso ukamsawijika. Boti zikatoka, lakini zilifuata walioaminiwa kwanza.

Iliyokwenda bondeni ilimkuta wifi amesimama juu ya meza, maji ya shingo, amemkumbatia kaka yangu, kichwa cha kaka kimelala begani mwake. Waokoaji walidhani wamepata wawili wazima, kwa kuwa wifi alikuwa akizungumza naye.

Wiki ile ndege zilitua mfululizo. Dunia nzima ilituonea huruma, na wifi akagawiwa ndoo mbili na blanketi. Kwenye mazishi hakulia. Shangazi zetu wakaanza kunong'ona, mmoja akamwuliza waziwazi, mke gani huyu asiyemlilia mumewe? Wifi akamjibu bila hasira. "Kila nikitaka kulia, shangazi, najisikia naigiza." Niliwachukia wale watu wa kilimani siku hiyo kuliko siku maji yalipokuja, na hadi leo sijaacha.

Baada ya miezi michache waliitisha kikao cha tathmini. Walinialika mimi kama ndugu wa marehemu. Wifi hawakuwa na haja ya kumwalika, alikuwa amesharudi kazini, tumbo halina matanga. Alikuwa akizunguka na sinia la vikombe. Mpokea simu alikaa nyuma kabisa, amekonda, na chai hakuigusa.

Mkuu wa kituo, mtu wa hapa hapa kwetu, alisimama kuwaeleza wafadhili kwamba hapakuwa na uzembe wa mtu yeyote. Alikuwa na ushahidi. Simu zote zilirekodiwa, akasema, naye atawawekea mbili: moja ya zoezi la mwaka uliopita na moja ya siku yenyewe. Waheshimiwa wasikilize, wanyooshe mkono kwa ile wanayoona ni ya kweli.

Nilimtazama wifi. Alikuwa amesimama kati ya meza mbili, kilio chake kikitoka kwenye spika juu ya kichwa chake, cha kwanza, kisha cha pili. Maji yameingia ndani. Mume wangu hawezi kutembea. Wageni walifumba macho ili wasikie vizuri. Kisha wakanyoosha mikono, na mikono mingi ilikwenda kwa ile ya zoezi.

"Mnaona?" alisema mkuu wa kituo. "Hata nyinyi wenyewe." Akamgeukia wifi kwa upole, kana kwamba anamfanyia heshima. "Mama, hebu waambie wageni. Ya kweli ni ipi?"

Wifi aliweka sinia chini.

"Ya kweli ni ile ambayo hamkuja."

Mkalimani alifungua mdomo, akaufunga. Mratibu mkuu akawa anamgusa bega, akimwuliza kwa lugha yao, amesema nini, huyu mama amesema nini.