Nyapara Ukutani Kwangu

Jumamosi ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu nilitoka sokoni Ilford na ndege wa karatasi kwapani, nikajiona mjanja kuliko London nzima. Nilikuwa kijana, nauza mabegi ya safari. Jirani yangu wa kibanda cha tatu alikuwa na kompyuta: unamtajia jina la ukoo wako, anakuchapishia historia yake pamoja na nembo ya rangi. Mimi naitwa Daniel Vogt. Ndiyo, jina la Kijerumani, kwa mtu wa Korogwe mweusi kama mimi. Alitaka pauni thelathini, nikamshusha hadi kumi na nane, na fremu juu yake. Chenji niliihesabu mara mbili. Nilichonunua sikukihesabu hata mara moja.

Karatasi ilisema Vogt ni jina la kale Ujerumani, na kwamba kabla ya kuwa jina lilikuwa cheo. Vogt alikuwa mtu wa kusimamia ardhi ya bwana mkubwa: kukusanya kodi, kuamua kesi, kuadhibu kwa niaba yake. Watoto wakarithi cheo, cheo kikafa, wajukuu wakabaki na jina. Juu ya maneno hayo kulikuwa na ndege mweusi mwenye taji. Nikamtundika sebuleni, juu ya televisheni.

Usinicheke bado. Jina lile lilikuwa na faida zake. Nikipiga simu kutafuta chumba, sauti ya upande wa pili huwa asali tupu: "Karibu sana, Bwana Vogt." Nikifika mlangoni, chumba kimechukuliwa. Vyumba vinne vilichukuliwa namna hiyo ndani ya wiki moja, vyote katika dakika ile ile ya kubonyeza kengele. Hata hivyo nilijipa moyo: walau kwenye simu mimi ni mtu.

Wakati huo mke wangu Rehema alikuwa amejifungua binti yetu wa kwanza. Sheria ya hapa inakupa siku arobaini na mbili kumwandikisha mtoto, nasi tulibakiwa na tatu. Tulikwisha kukubaliana: ataandikwa Vogt. "Akiomba kazi, barua yake haitatupwa kabla ya kusomwa," alisema Rehema, na mimi sikuona hoja ya kumpinga.

Jumapili yake ndipo alipofika Shangazi Anjelina, dada mkubwa wa baba yangu, kumwona mtoto. Alimbeba, akamwombea, kisha macho yake yakapanda ukutani.

"Hiki nini, Dani?"

"Historia ya ukoo wetu, shangazi."

"Nisomee."

Nikamtafsiria kwa madaha. Nilipofika kwenye kuadhibu kwa niaba ya bwana, akanyanyua kidole. "Rudia hapo." Nikarudia.

"Yaani nyapara."

"Siyo nyapara, shangazi. Ni kama ofisa fulani wa..."

"Anayesimamia shamba la mwenzie na kuchapa watu, kwenu huku London mnamwitaje?"

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini shangazi aliniambia tu, na aliniambia bila kupandisha sauti, jambo lililonitisha zaidi.

"Sisi ni wa ukoo wa Shembago. Babu yako alipelekwa kukata mkonge hajaota hata ndevu. Mwenye shamba ndiye aliyekuwa Vogt. Karani aliona taabu kuandika majina ya washenzi, akawaandika wote jina la mwenye shamba, kama ng'ombe anavyopigwa chapa. Babu yako akasema, mimi nina jina langu. Akalazwa chini, akala hamsa ishirini mbele ya wenzake. Mgongo ule nimeupaka mafuta mimi uzeeni mwake. Yeye alipewa jina hili kwa viboko ishirini na tano. Wewe umelinunua kwa pauni kumi na nane, na fremu ukadai."

"Sasa kwa nini hamkulitupa?" niliuliza, maana aliyeshikwa pabaya hutafuta mwenzake wa kulaumu.

"Mzungu aliondoka, karatasi zikabaki. Baba yako aliingia shule ya misheni kwa karatasi ya shamba, akapata kazi kwa karatasi ya shule. Karatasi huzaa karatasi, mwanangu. Kulibeba tulilibeba. Kulitundika, hapana!"

Nilihisi hasira mpaka masikio yakawaka. Kwa karani yule. Kwa jirani yangu wa sokoni, aliyechora taji na kuacha kiboko. Kwa wenye vyumba, waliokuwa na heshima ya jina na dharau ya ngozi. Na zaidi kwa nafsi yangu, mfanyabiashara niliyejua kugeuza begi ndani nje kutafuta mshono mbovu, na jina langu mwenyewe sikuligeuza.

Rehema alimchukua mtoto kutoka mikononi mwa shangazi. "Mimi ndiye niliyemzaa," alisema. "Barua zake wakizitupa, wazitupe. Mwanangu haitwi nyapara." Jumatatu yake tulikwenda kumwandikisha: Neema Shembago. Karani aliniomba nimtajie herufi moja moja. Nikamtajia taratibu, kisha nikamwomba azirudie.

Je, jina hilo lilimgharimu Neema? Lilimgharimu. Maombi kadhaa ya kazi hayakujibiwa, na hilo linanikera hadi leo, kwa sababu deni hilo si lake. Lakini hakuna siku aliyoniuliza "Baba, sisi ni nani?" nikakosa jibu.

Sasa mwanangu, wewe unayesikia Kiswahili na kunijibu Kiingereza, nembo hizo leo unazipata kwenye simu, tena bure. Sikukatazi kutafuta. Tafuta! Ila kabla ya kujivunia jina, uliza lilimfikaje wa kwanza kulibeba katika ukoo wako, na muulize mtu aliyeuona mgongo wake. Ukikuta aibu, aibu hiyo ni ya aliyechapa. Mwacha asili ni mtumwa, na utumwa wa kununua mwenyewe ndio mbaya kuliko wote. Mungu akujalie wazee wa kukusahihisha wangali hai, akupe kifua cha kuwasikiliza, na kila mlango utakaoubisha wakuitikie wewe uliyesimama pale, kwa jina lako na sura yako. Amina.