Skrubu Nne za Kisanduku cha Maziwa

Shangazi yangu ndiye mtunza tangi la kupozea maziwa katika chama cha wafugaji, nje kidogo ya Kanyakine. Mimi kazi yangu iko Embu, kwenye chumba cha kupanga chenye meza moja, na ni kuandikia programu vikompyuta vidogo vinavyofungwa ndani ya mashine. Kisanduku kilichokuwa ukutani kando ya tangi lake nilikitengeneza mimi. Kilipima joto la maziwa tangini na kulituma kwenye simu ya mwenyekiti wa chama, na nilikijivunia kupita kiasi.

Kilikuwa na tabia moja mbaya: stima ikirukaruka, nambari inaganda. Shangazi alikitibu kwa njia yake. Alifungua kifuniko, akachomoa waya wa stima na betri, akasali Baba Yetu kwa Kimeru kuanzia mwanzo mpaka amina, bila haraka, ndipo akarudisha. Kisanduku kikaamka. Nilimcheka. Nilimwambia kompyuta haina dini, nikaweka kitufe cha kuianzisha programu upya, na ili asiendelee kuchomoachomoa, nikafunga kifuniko kwa skrubu nne.

"Sawa, injinia," alisema. "Wewe ndio unajua."

Ukisikia shangazi yangu amekubali jambo upesi hivyo, shika adabu. Mimi nilimaliza chai nikaenda zangu.

Wiki chache baadaye stima ilirukaruka asubuhi, kisha ikakatika kabisa. Kisanduku, kwa kuwa kina betri, kiliendelea kuonyesha digrii nne. Shangazi aligusa tangi kwa kiganja, akabonyeza kitufe changu mara tatu, akampigia mwenyekiti, aliyekaa na ufunguo wa jenereta.

"Maziwa iko moto, mwalimu. Leta ufunguo."

Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu anayeamini kila kilichoandikwa. Alitazama simu yake. "Hapa inasema nne, mama. Wewe tulia."

Jioni maziwa ya wafugaji wote yalimwagwa, na kamati ikaanza kutafuta mkosaji. Kwa kuwa kisanduku kilidai tangi lilikuwa baridi mchana kutwa, ilibidi awe shangazi: eti alipokea maziwa yaliyoharibika bila kuyapima. Mwanamke ambaye amewahi kumrudisha mchungaji wa kanisa lake mwenyewe na kibuyu chake cha maziwa yaliyoanza kuchacha! Walimnyang'anya funguo za stoo, wakamwambia aje Jumatatu kusikia kama bado ana kazi. Aliponipigia simu kunieleza, hakunilaumu hata kwa neno moja, na nilijiona mdogo sana.

Jumamosi nilikuwa jikoni kwake, kisanduku nilichokibandua ukutani kiko mezani, yeye akimenya maharagwe mabichi ya njahi. Kosa nililiona kabla chai haijapoa. Kipimajoto huongea na kompyuta kupitia nyaya mbili, na kuna chipu inayosimamia mazungumzo hayo. Stima ikirukaruka, chipu inakwama katikati ya neno. Kitufe changu kiliianzisha upya programu tu. Chipu iliendelea kula betri na kukwama, na programu yangu, badala ya kukiri kwamba haijui, ikarudia nambari ya mwisho iliyohifadhi. Kumbe chipu ina waya wake yenyewe wa kuizima na kuiwasha upya, umeunganishwa kwenye bodi tangu siku ya kwanza. Draiva yangu, yaani kile kipande cha programu kinachoiendesha chipu, haikuwahi kuugusa.

Nikaongeza mistari michache: chipu isipojibu mara tatu, izime kwa waya ule, uachilie, anza upya. Nikajaribu. Kimya. Nikajaribu tena. Kimya.

"Umezima ukawasha hapo hapo?" aliuliza bila kuinua macho.

"Ndiyo, anti. Kompyuta ni kitu ya haraka."

"Na hiyo kitu imejua saa ngapi kama imezimwa?"

Nikafungua mwongozo wa chipu, ule niliokuwa nimeruka kurasa zake. Ulisema wazi: waya ushikiliwe kwa muda, uachiliwe, kisha usubiri tena kabla ya kuizungumzisha. Nikaweka kusubiri mara mbili. Nambari ikafufuka. Nilitaka kumwomba msamaha pale pale, nikaogopa, nikasaidia kumenya njahi.

Jumatatu, mbele ya kamati, nilianza na programu ya zamani. Nilitia kipimajoto kwenye maziwa baridi, kikasoma nne. Nikagusanisha zile nyaya mbili mpaka chipu ikakwama, kisha nikakihamishia kwenye kikombe cha chai iliyotoka motoni.

"Mwalimu, hii chai ina digrii ngapi?"

Alitazama simu. "Nne."

"Basi onja."

Alionja. Nakiri niliifurahia sura yake. Kisha nikaweka programu mpya, nikaikwamisha chipu vile vile. Simu ilionyesha vistari, yaani kisanduku kinakiri hakijui, halafu nambari ikaanza kupanda mpaka ikapita sitini.

"Aliyemwaga maziwa ni mimi," nikasema. "Anti alijua kukiamsha. Mimi ndio nilimfungia nje na skrubu."

Mwenyekiti alipangusa midomo kwa kitambaa. Aliinuka, akaizunguka meza nzima, akampa shangazi funguo za stoo kwa mikono miwili, na ule wa jenereta juu yake. "Mama, tulikukosea," alisema. Shangazi aliitikia kwa kichwa tu. Machozi nililia mimi.

Nilirudisha kisanduku ukutani, yeye akiwa amesimama nyuma yangu.

"Sasa inangoja muda gani kabla iwake?"

"Kidogo sana, anti. Sekunde hata haifiki."

"Hapo hata macho sijafunga kusali." Akanyoosha kiganja. "Toa skrubu."

Nilimweleza kwamba sasa kinajiamsha chenyewe, hakuna haja tena ya kukifungua.

"Toa."

Nikatoa zote nne. Alizitia kwenye mfuko wa aproni, na mpaka leo sijamwomba anirudishie.