Niliwahoji wazee wa Kishapu kuhusu enzi za mkoloni, Bibi Minza akanyanyuka akaondoka

Wakuu, heshima kwenu. Nayaleta kama yalivyotokea, chumvi sijaongeza; majina tu ndiyo nimebadilisha.

Miaka ya tisini nilikuwa nasoma masta ya siasa. Utafiti wangu ulikuwa wa mahojiano: miaka ya ishirini na thelathini, watu wa Shinyanga waliwatii viongozi wao kwa kuwakubali au kwa kuwaogopa? Hasa pale kaya zilipotakiwa kutoa watu wa kufyeka mapori ya mbung'o.

Kishapu nilifikia kwa Mzee Masanja. Baba yake alikuwa mwanangwa, yaani msimamizi wa kijiji chini ya mtemi. Mzee mkarimu sana. Aliniitia wazee wenzake, tukakaa uani kwake, mahojiano ya kikundi.

Jibu likawa moja: "Tulikwenda kwa hiari. Ngoma zinapigwa, watu wanacheka."

Nikafurahi, data imenyooka. (Mliowahi kufanya utafiti, ikinyooka hivyo shtukeni.)

Bibi mmoja, Minza, hakusema neno. Katikati ya mazungumzo akachukua fimbo yake, huyo akaenda zake.

Kesho yake nikamfuata kwake. Shikamoo, marahaba, akanipa kigoda.

"Jana ulitaka niseme nini, mjukuu wangu, nimekaa uani kwa mwanangwa?"

Akanieleza. Kaka yake, Luhende, alikataa kwenda kufyeka kwa sababu mama yao alikuwa mgonjwa. Mwanangwa, baba yake Masanja, akaamuru afungwe kamba kwenye nguzo ya zizi. Watu walipokwenda kula, Luhende akatoweka. Ikasemekana kakimbilia kwenye dhahabu, Geita. Hakurudi tena.

Nikamwomba ruhusa ya kuyaandika.

"Andika, jina langu acha. Ila Masanja nitamwambia mwenyewe. Nimeshazeeka, namwogopa nani?"

Jioni akaja kweli. Kinasa sauti sikukiwasha. Akayasema yote akiwa amesimama, sauti hakupandisha.

Mzee Masanja alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Minza, ile kamba niliifungua mimi."

"Wewe?"

"Baba angejua angenifukuza. Alipofariki, nikaona aibu. Ningekuja kukwambia nini, na kaka yako sijui hata alifika wapi?"

Bibi akakaa chini. Akaomba maji. Wakaanza kuongea Kisukuma polepole, wakimtaja Luhende. Nikasogea pembeni nikawaacha.

Baadaye supavaiza aliniuliza mbona sehemu hiyo haina rekodi. Nikamjibu hayakuwa mahojiano.

Nilichoondoka nacho: ukikusanya watu, wanakujibu wewe na wanamjibu mwenye uwanja pia. Utapata yale yanayosemeka hadharani, nayo yana thamani yake. Mengine yafuate nyumbani kwa mtu, kwa ridhaa yake. Na mwenye uwanja usimsahau, maana mimi nilimhoji Mzee Masanja mchana kutwa mbele ya wenzake, na hilo la kamba hakulisema.

Mliowahi kuhoji wazee wetu, ninyi yaliwakuta yapi? Uwanja wenu.